Mlango Nilioufuta Kwenye Ramani

Kaka yangu aliniambia niufute ule mlango, nikaufuta. Nilipaswa kukataa. Ramani ilikuwa imetandazwa juu ya mifuko ya saruji, penseli nilikuwa nimeichomeka sikioni, kifutio kilikuwa mfukoni, na mke wangu alikuwa amesimama karibu na birika la chai aliyokuwa amemletea shemeji yake. Aliniona nikifuta. Nilipopuliza yale mabaki ya kifutio yakaruka, aliinama akaanza kukusanya vikombe, ingawa kaka alikuwa hajamaliza chai yake.

Mlango wenyewe ulikuwa mwembamba, wa kupita mtu mmoja na sinia lake, kwenye ukuta wa katikati wa nyumba tuliyotaka kuijenga Isevya, pale Tabora. Ilikuwa nyumba pacha: familia mbili chini ya paa moja, kila moja na upande wake, na ukuta mmoja kati yao. Upande wa mashariki tungekaa mimi na mke wangu. Upande wa magharibi angekaa mwanetu wa kiume na mkewe na watoto wao. Mimi nilikuwa nimestaafu ukarani katika ghala la tumbaku. Mwanangu alikuwa dereva wa lori la safari ndefu, akiondoka leo haonekani tena mpaka wiki mbili zipite. Tulikubaliana tukae jirani kabla uzee haujatukamata, ili siku mmoja akianguka pawe na wa kumwinua.

Ramani niliichora mwenyewe. Nilisoma mpaka kidato cha nne, na kazi ya ghala ilinifundisha kupima sakafu na kupanga marobota yasizibe njia. Nilinunua karatasi zenye miraba midogo, nikaamua kila mraba uwe futi moja, nikakaa barazani na rula kwa wiki tatu. Sebule mbele, jiko nyuma, korido katikati, vyumba viwili vya kulala vikiegemea ukuta wa katikati, choo na bafu mwisho wa korido. Kisha upande wa pili uleule, umegeuzwa kama sura kwenye kioo.

Mke wangu hakuamini miraba. Nilipomwambia chumba cha kulala ni futi kumi kwa kumi, alichukua majivu jikoni, akaenda uani, akamwaga mistari kwa kipimo changu, akatandika mkeka pale ambapo kitanda kingekaa. Akalala. Akanyoosha mikono.

"Baba watoto, hapa ukiamka usiku utanikanyaga."

"Nitazunguka."

"Utazunguka wapi na kabati liko hapo? Njoo uzunguke nikuone."

Nilizunguka, nikakanyaga mstari wa majivu, akacheka mpaka jirani akachungulia. Chumba nikakiongeza futi mbili. Hivyo ndivyo alivyoisahihisha nyumba nzima. Jiko alilihamisha kwa sababu ya upepo wa kiangazi, stoo ya karanga na michembe, vile viazi vikavu, akaisogeza mbali na bafu. Na pale mwisho wa korido, mkabala na jiko, akaweka kijiti kimoja huku na kimoja kule, akasema: "Hapa mlango. Niwe napita kwa mkwe wangu, naye apite kwangu, bila kuzunguka barabarani."

Wazo hilo hakuliokota hewani. Yeye alizaliwa mjini, katika ile mitaa ya zamani ambako bibi yake alifika na watu wa misafara akabaki. Huko nyumba zilijengwa zimebanana, na kati ya nyumba na nyumba ulikuwapo mlango mdogo wa ndani. Wanawake walipeana moto, chumvi na habari kupitia pale, mgonjwa akauguzwa, mtoto akapokelewa, bila mtu kukanyaga barabara. Mimi ni mtu wa Igalula. Kwetu kila kaya ina uwanja wake, na akitaka kuja mtu huja kwa mbele, akionekana tangu mbali.

Hata hivyo niliuchora. Niliuona una maana. Mafundi walipochimba msingi, mlango ulikuwa kwenye ramani.

Fundi mkuu alikuwa Mzaramo aliyeoa Tabora akasahau kurudi kwao. Kwa hiyo alikuwa mtani wetu, na mdomo wake haukuwa na kufuli. "Wanyamwezi bwana," alisema siku ya kwanza alipoitazama ramani, "wazee wenu walibeba mizigo ya watu kutoka hapa mpaka pwani, wakaja kulala kwenye viwanja vyetu. Leo mmejifunza kujenga nyumba, mnajenga mbili kwa mpigo!"

"Na ninyi mliwaibia vibuyu vya maji wakiwa wamelala," nilimjibu.

"Tuliwapunguzia mzigo, mtani. Hata shukrani hamna."

Alikuwa fundi mzuri. Ukuta ulikuwa umefika usawa wa goti siku kaka yangu alipokuja kutoka Igalula.

Kaka ndiye mkubwa wetu. Baba alipofariki, yeye alishika nafasi yake, na ada yangu ya shule ilitoka kwenye shamba lake la karanga. Alifika asubuhi, tukaamkiana, mke wangu akapiga magoti akampa shikamoo, akaitikia marahaba na kumuuliza habari za miguu yake, maana miguu ilikwisha kuanza kumsumbua. Kisha akazunguka msingi pole pole, mikono nyuma. Alipofika pale penye nafasi kwenye ukuta wa katikati akasimama.

"Mdogo wangu, hapa mmepungukiwa matofali?"

"Hapana kaka. Ni mlango."

"Wa kwenda wapi?"

"Kwa kijana. Wa mama watoto, awe anapita kwa mkwe wake."

"Apite yeye. Na wewe utakuwa umefungwa kamba kitandani?"

Mafundi waliacha kuchanganya udongo. Nikasema mlango utakuwa na komeo.

"Komeo! Sawa. Siku moja umetoka kuoga, una msuli kiunoni na povu masikioni. Komeo halikufungwa. Mkaza mwanao huyo hapo na kanga moja. Mtasalimiana? Utamuuliza watoto hawajambo?"

Yule fundi akaangua kicheko, akasema: "Mzee atamwachia taulo!" Wote wakacheka. Mimi pia nilicheka, lakini masikio yalikuwa yanawaka.

Msomaji ambaye si wa kwetu nimweleze kidogo. Kwetu baba mkwe na mke wa mwanawe hupishana. Hawali pamoja, hawakai chumba kimoja, wakikutana njia nyembamba mmoja huacha njia. Kitanda cha mkweo hukioni, na mlango wa chumba anacholala huupiti. Hakuna chuki katika jambo hilo. Ni namna ya kumwambia binti wa watu kwamba ndani ya nyumba hii yuko salama, hakuna jicho litakalomfuata. Nililelewa hivyo na naliheshimu mpaka leo.

Kaka aliacha mzaha. Alisema kwa sauti ya chini, lakini kila mtu alisikia: "Umesoma, umekaa mjini, sasa unalala nyumba moja na mkweo. Nikirudi Igalula niwaambie nini?"

Ningeweza kumjibu. Ningeweza kusema, kaka, mlango huu ni wa wanawake, mimi nitajua miguu yangu inapita wapi. Mke wangu alikuwa akingoja niseme hivyo. Badala yake nikatoa kifutio.

Na hapa sina budi kusema jambo ambalo halikumhusu kaka. Alipokwisha kuondoka, fundi alinivuta pembeni. Utani ulikuwa umemtoka. "Mzee, ziba kama ulivyoamua. Lakini niache linta, ile boriti ya zege, pale juu, ukuta ukae juu ya linta. Siku ukibadili mawazo, tunatoa matofali tu, nyumba haitikisiki."

Nikamwambia hakuna kubadili mawazo. Nikamwambia aujenge ukuta ule mnene, tofali la kulaza, na mabomba ya mabafu yote mawili yapite humo ndani pale pale palipokuwa mlango. Nikachora upya. Nikaongeza uzio wa miti kati ya ua na ua, na kila upande lango lake. Madirisha ya vyumba vya kulala nikayapandisha juu, mtu akipita uani asione ndani. Kaka hakuniagiza hata moja kati ya hayo. Niliyafanya ili nimwandikie barua, na nilimwandikia, kwamba nyumba yangu mtu yeyote wa kwetu anaweza kuingia akaona heshima.

Mke wangu alisema jambo moja tu juu yake, siku tuliyohamia. Alisimama koridoni akaweka kiganja ukutani. "Umejenga vizuri," alisema. "Hata nikiita hawatanisikia."

Tukaishi. Miaka ile ya mwanzo sikuona kosa. Mke wangu alitoka jikoni na bakuli limefunikwa kawa, akapita lango letu, akafuata barabara, akaingia lango lao, akazunguka nyuma mpaka jikoni kwa mkwewe. Wakati wa masika alivaa viatu vyangu vya mpira. Walipendana, yeye na mkwe wake, kwa kupeana mboga na kusemana. Nilisikia vicheko vyao kwa mbali, ng'ambo ya uzio. Mkwe wangu alikuwa binti mtulivu. Aliponiona barabarani alijitenga, akainama, "Shikamoo baba," nami "Marahaba mwanangu," kila mtu macho chini, kila mtu njia yake.

Kisha mke wangu akapata kiharusi. Tulilala hospitali ya Kitete wiki nne, mimi kwenye benchi la nje. Walipomruhusu, upande wake wa kulia ulikuwa umekufa, lakini maneno yalikuwapo na akili ilikuwapo. Alihitaji kugeuzwa, kuogeshwa, kulishwa, kubadilishwa shuka mchana na usiku. Binti zetu wawili wameolewa mbali. Mimi mgongo wangu ni ule wa mtu aliyeinua marobota. Nilijaribu siku sita. Siku ya sita tulianguka wote wawili, na tukalala sakafuni tukiita, na ukuta ule mnene ukatunyamazia, mpaka mjukuu alipokuja kuomba chumvi.

Jioni hiyo mwanangu alikuwapo. Alisema, "Baba, mke wangu yuko tayari kumuuguza mama. Lakini hawezi kuzunguka barabarani saa nane za usiku na kuacha watoto. Na huku ni kwako unakolala, ataingiaje? Tuvunje ukuta tuweke mlango, awe anapitia nyuma, nawe ulale sebuleni."

Tukamwita fundi. Aligonga ukuta kwa nyundo, akatingisha kichwa. Mabomba yako ndani, linta hakuna, paa la pande zote mbili limeegemea hapo hapo. "Nilikuomba, mtani," alisema.

Kwa hiyo mke wangu alihama. Tulimbeba kwenye godoro, tukatoka lango letu, tukafuata barabara, tukaingia lango lao, majirani wakitazama kana kwamba ni maiti. Walimlaza katika chumba cha ndani, kitanda kikiegemea ukuta wa katikati. Ili kufika chumba kile unapita korido, na koridoni unapita mlango wa chumba anacholala mkwe wangu na mlango wa bafu analoogea. Niliichora korido hiyo mwenyewe.

Miezi sita ya kwanza walimtoa sebuleni kwenye kiti cha magurudumu, nami nikaja kukaa naye, mkwe akiwa nyuma. Nilimshika mkono, nikamkata kucha. Baada ya hapo akapata vidonda vya mgongoni, akawa hawezi tena kukalishwa. Nikabaki na dirisha.

Nilikuwa nakwenda kila siku asubuhi na alasiri, nasimama uani kwa mwanangu juu ya kigoda, kwa sababu dirisha lilikuwa juu. Kulikuwa na nondo na wavu wa mbu, na kitanda kiko ng'ambo ya chumba. Nilimwona kama mtu aliye ndani ya moshi.

"Umekuja?" angeuliza.

"Nimekuja."

"Mzee mzima unasimama dirishani kama kijana anayenyatia binti wa watu. Baba yangu akikukuta!"

"Baba yako alinipenda."

"Alipenda baiskeli yako."

Tuliongea hivyo. Kuna siku akasema, "Mguu wangu una baridi. Ule mzima. Njoo uushike kidogo."

"Nitapitaje pale, mama watoto?"

"Fumba macho. Mjukuu wako akushike mkono akupitishe kama mbuzi."

Nilicheka. Naye alicheka, lakini alikuwa ameomba kweli, na nilijua.

Mkwe wangu alijua pia. Siku ya pili alimtuma mtoto wake mkubwa: "Mama anasema yeye anakwenda sokoni, atakaa mpaka adhuhuri, chumba chake amekifunga na ufunguo anao. Anasema babu ingia." Nilimwona akitoka langoni na kikapu, hakugeuka nyuma. Nilisimama mlangoni kwao, mguu mmoja juu ya ngazi. Nikawaza barua niliyomwandikia kaka. Nikawaza majirani, nikawaza mafundi walivyocheka. Nikarudi kwenye kigoda changu dirishani.

Mke wangu alikuwa amesikia mtoto akinipa ule ujumbe. "Hukuingia," alisema. Hakunitania. Mkwe alikwenda sokoni namna ile mara tatu zaidi, kikapu kikirudi kitupu, kisha akaacha. Mke wangu hakuniomba tena.

Alikufa saa nne asubuhi, siku ya kawaida, jua limetoka. Mimi nilikuwa nimeketi chumbani kwangu upande wa pili wa ukuta nikinywa uji, mgongo wangu ukiwa umeegemea ukuta huo huo. Sikusikia kitu. Nilijua pale mwanangu alipoingia langoni kwangu hana viatu. Baadaye niliitoa ramani nikahesabu miraba: kutoka kiti changu mpaka mto wake zilikuwa futi nne.

Mkwe wangu aliwasimulia binti zangu jinsi ilivyokuwa, nao wakanisimulia. Alimshika mkono tangu alfajiri. Mke wangu aliuliza mara mbili kama nimekuja. Mara ya pili mkwe alimwambia ndiyo, yuko hapa, ili atulie.

Tulipomaliza matanga nilikwenda Igalula kumshukuru kaka, maana msibani alikuja mgonjwa akaondoka mapema. Macho yake yalikuwa yameanza kuzimika tangu miaka kadhaa iliyopita. Niliingia uwanjani kwake nikamkuta mkaza mwanawe amemshika mkono, anampeleka bafuni, ndoo ya maji ya moto mkono wa pili. Alimkalisha, akamvua viatu, akamwambia, "Baba, sabuni iko kushoto," akaondoka.

Nilingoja amalize kuoga. Tulipoketi nilimuuliza, "Kaka, yule si mkweo?"

"Ndiye."

"Mnapitiana?"

"Nilifungua ule mwiko. Macho yalipoanza kunitoka nilimpa jembe jipya na kuku, tukala ugali sahani moja mbele ya watu, yakaisha. Mzee wetu alipovunjika nyonga, si alifanya hivyo hivyo kwa mke wangu?"

Nilikumbuka. Nilikuwa darasa la saba. Nilimwona baba akitoa jembe, nikadhani ni zawadi tu.

"Mbona hukuniambia, kaka?"

Alinigeuzia uso, macho meupe. "Uliniuliza? Mimi nilisema usiweke mlango katikati ya nyumba. Sikusema mkeo afe pasipo wewe kumshika. Wewe ndiye uliyesoma, nikajua umekwisha kufungua zamani." Kisha akaniuliza: "Kwani hukuingia kabisa, mdogo wangu?"

Alipapasa mpaka akaupata mkono wangu.

Sitamlaumu kaka, wala mila. Mila ilikuwa na njia yake, na njia hiyo ilikuwa jembe moja na kuku mmoja. Kaka alisema neno moja asubuhi moja, akarudi kwake. Ukuta mnene, mabomba, uzio na madirisha ya juu nilivichora mimi, kwa sababu nilitaka kusifiwa na watu wasioishi ndani ya nyumba ile. Na ramani ilipokwisha kuwa matofali, niliiheshimu kuliko mtu niliyemjengea.

Kukubali kwangu siku ile kulinigharimu hivi: mke wangu aliishi miezi kumi na saba upande wa pili wa ukuta wangu, na katika miezi kumi na mmoja ya mwisho sikumgusa hata mara moja. Aliniomba nimshike mguu, sikumshika. Alikufa ameshikwa mkono na mtu mwingine, akidanganywa kwamba mimi nipo.